Ubuyu Usiogeuka Uji: Mwongozo Kamili, Kuanzia Buyu Mtini Hadi Pakiti Mkononi

Kila nikigusia ubuyu wa kupika, maswali yanayorudi ni yale yale matatu. Wa kwanza anasema: "Nimetia ubuyu kwenye shira ukageuka uji mwekundu, mbegu zimebaki uchi." Wa pili: "Wangu uliganda kama tofali, nikauvunja kwa mchi." Wa tatu ndiye anayenihuzunisha zaidi, maana yeye alishafurahi: "Ulikuwa mzuri jioni, asubuhi nikaukuta unatoka jasho ndani ya pakiti."

Wote watatu wana tatizo moja. Maji yaliingia mahali pasipostahili, au yalibaki wakati yalitakiwa yawe yameshatoka.

Embe au nanasi ukitaka likae, unalikausha wewe. Buyu linakauka lenyewe likiwa bado linaning'inia mtini. Likikufikia mkononi, mbuyu umeshaimaliza kazi hiyo, na hatua zote zilizo hapa chini ni namna ya kutoiharibu. Anayeelewa hilo anaweza hata kuutupa mwongozo huu na bado akapika ubuyu mzuri.

Tuelewane kwanza kwenye majina. Mbuyu ni mti, buyu ni tunda zima na gamba lake, ubuyu ni ile nyama nyeupe kavu iliyoshika mbegu. Mombasa na Kilifi wakisema "mabuyu" mara nyingi wanamaanisha tayari zile peremende nyekundu za kumumunya. Zanzibar na Bara tunasema "ubuyu" kwa vyote viwili. Ubuyu wa vijiweni, ule wa habari za watu, haupikwi hapa.

## Mahitaji

Kwa kilo moja ya ubuyu wa mbegu (yaani mbegu zikiwa bado na unga wake mwilini):

- Sukari nusu kilo
- Maji safi kikombe kimoja, mililita 250, yasizidi
- Rangi nyekundu ya chakula, robo kijiko cha chai
- Iliki iliyotwangwa, kijiko kimoja cha chai
- Chumvi, robo kijiko cha chai
- Pilipili manga au pilipili kali ya unga, nusu kijiko cha chai. Anayependa ukali aongeze
- Vanila au arki nyingine, matone machache, kama unapenda
- Unga mtupu wa ubuyu, vijiko vitatu vya chakula (tutaupata katika Hatua ya 3)

Vyombo: sufuria pana yenye kitako kizito, mwiko wa mti, sinia mbili au tatu zilizokauka kabisa, ungo, chekeche, nyundo au jiwe, na kisahani kidogo cheupe cha kupimia shira. Kisahani hicho usikidharau, ndicho kitakachoamua kila kitu.

Tahadhari kuhusu rangi: nunua iliyoandikwa kwamba ni ya chakula. Sokoni, hasa miji ya pwani, kuna rangi za unga za kutilia ukili wa mikeka, na kwa macho zinafanana. Muuzaji akikwambia "zote ni moja tu", ondoka. Ubuyu usio na rangi kabisa, wa kahawia kidogo, ni mtamu vile vile.

## Hatua ya 1: Kuchagua buyu

Wakati wa mavuno ni kiangazi, majani ya mbuyu yameshapukutika na mabuyu yanaonekana yananing'inia kwenye vikonyo vyake virefu. Dodoma, Singida na upande wa Iringa kuelekea Mtera, huo ndio msimu utakaokuta magunia kandokando ya barabara. Upande wa Kenya, Kilifi, Kwale, Kitui na Makueni wana mibuyu yao.

Buyu zuri lina gamba zima lisilo na ufa, na manyoya yake laini ya kijani-kahawia hayajaoza. Litikise karibu na sikio. Ukisikia kitu kinagongagonga ndani kama kokoto kwenye kopo, nyama imekauka na kuachana na gamba. Lililo kimya ama bado changa, ama limeingia unyevu. Liangalie pia kitundu kidogo kama cha msumari, maana wadudu hupita hapo na ndani utakuta vumbi la kahawia badala ya unga mweupe.

Yaliyoanguka chini yanafaa ikiwa gamba halikupasuka. Lililopasuka na kulala usiku mmoja kwenye umande, liachie mbuzi.

Kama unachuma mwenyewe, tumia ngoe ndefu, ukae pembeni ya buyu na siyo chini yake. Buyu moja likikushukia kichwani utalikumbuka. Kuna wanaopanda kwa vigingi vilivyopigiliwa kwenye shina. Mimi sipandi, na wewe usipande kwa ajili ya kilo moja ya ubuyu. Mibuyu mingi mikubwa ina uwazi ndani; humo nyuki hupenda kujenga, na nyoka nao hawakosi. Simama kwanza, sikiliza, ndipo usogee.

Kama unanunua uliopukuchuliwa tayari, ingiza mkono hadi katikati ya gunia. Juu hukauka kwa jua la barazani. Katikati ndiko kunakosema kweli. Niliwahi kununua debe zima lililonyunyiziwa maji ili lizidi uzito, na nilijua nilipofika nyumbani, vidole vilipotoka vimepakaa utando kama wa gundi. Ubuyu mkavu unaacha vumbi jeupe mkononi, na ukilipuliza linaruka.

Utajua umefaulu: ukivunja kipande kwa vidole kinatoa mlio mkavu na rangi ni ya maziwa au krimu. Uliogeuka waridi au kahawia umezeeka au umepata unyevu. Unafaa juisi ya leo, kupika haufai.

## Hatua ya 2: Kuvunja na kupukuchua

Kabla ya kuvunja, sugua buyu kwa gunia kavu au kitambaa kigumu mpaka manyoya yatoke. Manyoya hayo yanawasha, na yakiingia kwenye ubuyu yatakukereketa koo. Wengi wanairuka hatua hii halafu wanalaumu pilipili.

Lilaze buyu juu ya jiwe, ligonge katikati kwa nyundo huku unalizungusha. Usilipige kwa hasira. Gamba likisambaratika, vipande vyake vidogo ni vigumu kuviona na vinavunja jino. Unataka lipasuke mara mbili kama nazi. Gamba likitoka vizuri liweke kando, lina kazi yake.

Ndani utakuta ubuyu umejigawa vipande vipande na umeshikwa na nyuzi nyekundu-kahawia. Toa vipande, vifikiche kwa mikono juu ya ungo, chomoa nyuzi kadiri zinavyojitokeza. Mikono iwe mikavu. Huwa naweka kitambaa pajani, maana jasho la kiganja tu latosha kuufanya unga ushike vidole.

Usioshe ubuyu. Narudia kwa sababu kila mwezi kuna anayeniambia aliuosha "uwe safi": usioshe. Unga wa ubuyu unayeyuka kwenye maji. Ukiuosha umemwaga tunda na umebakiwa na mbegu. Usafi wake unatokana na kuchagua buyu zima na kuvunjia mahali safi.

Na usishangae mzigo ukipungua. Karibu nusu ya uzito wa buyu zima ni gamba, kwa hiyo anayetaka kilo moja ya ubuyu wa mbegu anunue mabuyu ya kilo mbili na ushee.

## Hatua ya 3: Kupepeta na kuweka unga akiba

Tia ubuyu kwenye ungo, pepeta taratibu, nyuzi na vipande vya gamba vitatangulia mbele. Kisha utikise juu ya chekeche. Unga uliolegea utashuka chini, mbegu zenye unga ulioshika zitabaki juu.

Unga huo ulioshuka ndio akiba yetu ya vijiko vitatu. Ufunike mahali pakavu. Utanyunyizwa mwisho, na kazi yake ni mbili: kunyonya unyevu uliosalia juu ya sukari, na kurudisha uchachu, kwa sababu ubuyu uliovishwa sukari bila unga huu unakuwa mtamu tu, hauna ile inayokufanya ufumbe jicho moja.

Mbegu zikishikana mafungu mafungu, ziachanishe sasa. Fungu la mbegu tano likiingia kwenye shira linatoka likiwa fungu la mbegu tano, na hakuna mwiko utakaolitenganisha.

## Hatua ya 4: Shira

Hapa ndipo penye kazi. Ukipatia shira, zilizobaki ni kukoroga tu.

Weka sukari, maji, chumvi na rangi kwenye sufuria, moto wa wastani. Koroga mpaka sukari iyeyuke yote, halafu acha kukoroga. Futa punje za sukari zilizoshika kingo za sufuria kwa kijiko kilicholowa, zisije zikarudi ndani na kuigandisha shira kabla ya wakati wake.

Acha ichemke. Mwanzoni mapovu ni makubwa na yanapasuka haraka. Hayo ni maji yanayoondoka. Baadaye mapovu yanakuwa madogo, yanabanana, yanapasuka kwa uvivu. Kwenye jiko langu la mkaa inachukua dakika nane hadi kumi, lakini nisikudanganye na saa: moto wako si wangu na sufuria yako si yangu. Pima kwa kisahani.

Dondosha tone moja kwenye kisahani kikavu, hesabu mpaka kumi lipoe. Libane kati ya dole gumba na kidole cha shahada, kisha tenganisha vidole polepole.

- Likiteleza tu na kuacha vidole vimelowa: bado ni maji ya sukari.
- Uzi ukitokea na kukatika papo hapo: imekaribia, ipe dakika moja.
- Uzi mmoja ukinyooka kiasi cha upana wa kidole bila kukatika: epua sasa hivi.
- Tone likikataa kubanwa, likawa gumu kama peremende: umepitiliza. Ongeza vijiko viwili vya maji, rudisha motoni, anza kupima upya.

Ubuyu wangu wa kwanza niliupikia jikoni kwa shangazi, Tanga. Nilikuwa na haraka, shira ikachemka mara mbili tatu nikamimina kilo nzima. Nikakoroga, nikakoroga, na kadiri nilivyokoroga ndivyo sufuria ilivyojaa uji mzito wa waridi.

"Shangazi, mbona unayeyuka?"

Hakuinuka hata kwenye kibao chake cha mbuzi. "Ulipima uzi?"

"Nilipima kwa macho."

"Basi umeutosa kwenye maji, mwanangu. Ubuyu na maji vikikutana ni uji, hilo hata mtoto anajua."

Ule uji tuliunywa, na ulikuwa mzuri, ila si kitu nilichokuwa nimewaahidi watoto wa jirani.

Uzi kwenye kisahani unakueleza jambo moja: maji yaliyobaki ndani ya shira ni machache mno, hayawezi tena kuuyeyusha unga ulioshika mbegu. Shira nyepesi huuvua ubuyu nguo, lakini ile ya uzi inauvisha nguo ya pili juu ya ile ya kwanza.

Tahadhari mbili. Ya kwanza, usitie ndimu. Najua kuna mapishi ya shira yanayotia ndimu, na kwa kaimati inafaa, kwa sababu ndimu inaizuia sukari isirudi kuwa punje. Sisi hapa tunataka irudi! Sukari inayorudi kuwa punje ndogondogo ndiyo inayokauka juu ya mbegu na kuacha ule ukavu wa kuparuza ulimi. Ukiizuia utapata ubuyu wa kunata milele. Ya pili, shira inaunguza kuliko maji ya moto, kwa kuwa inashika ngozi haiondoki. Usichovye kidole sufuriani kupima, na watoto wakae mbali na jiko mpaka umalize.

## Hatua ya 5: Kutia ubuyu

Epua sufuria, weka chini. Tia iliki, pilipili na vanila, koroga mara mbili. Hivi vinatiwa mwisho kwa sababu harufu yake inakimbia na mvuke. Ukiviweka mwanzoni, jikoni kutanukia na ubuyu hautanukia.

Sasa tia theluthi ya ubuyu. Geuza kwa mwiko kutoka chini kwenda juu, kama unavyogeuza wali usiotaka kuuvunja. Ukishashika rangi, tia theluthi ya pili, kisha ya mwisho. Ukimimina wote kwa mpigo, wa chini unazama kwenye shira na kulowa, wa juu unabaki mweupe.

Endelea kugeuza dakika tano hadi saba, sufuria ikiwa nje ya moto. Mwanzoni utang'aa kama umepakwa mafuta na mwiko utakuwa mzito. Hapo watu wengi wanatishika na kurudisha sufuria motoni. Usirudishe. Ghafla, bila kukuaga, utauona ule mng'ao unafifia, mbegu zinaanza kuachana na mlio wa mwiko unabadilika, kutoka mnato kuwa mchakato wa changarawe. Sukari imerudi.

Kama dakika kumi zimepita na bado unang'aa, hapo ndipo urudishe kwenye moto mdogo kabisa, makaa yaliyofifia, dakika mbili au tatu tu, huku unageuza bila kupumzika. Usizidishe. Ubuyu una uchachu wake mwenyewe, na uchachu ukipikwa muda mrefu na sukari unafanya kazi ile ile ya ndimu niliyokukataza. Huo ndio ubuyu unaotoka jasho asubuhi.

Nyunyiza ule unga wa akiba, geuza mara ya mwisho.

Utajua umefaulu: ukichukua kiganja kimoja na kukifumbua, mbegu zinamwagika mojamoja, na kiganjani kunabaki vumbi jekundu badala ya utando wa kunata.

## Hatua ya 6: Kupoza na kukausha

Mwaga kwenye sinia, tandaza safu moja, zivunje zilizoshikana zikiwa bado vuguvugu. Ziache sehemu yenye hewa, kivulini, juu zimefunikwa kawa au kitambaa chepesi, kwa saa tatu au nne. Sisimizi wana habari zako tayari, kwa hiyo miguu ya meza iwe ndani ya vikopo vya maji.

Mtu wa Dodoma ataona nazidisha, huko saa moja inatosha. Lakini Tanga, Mombasa au Unguja wakati wa masika hewa yenyewe ni maji. Siku ya mvua usipike ubuyu wa kuuza. Pika wa kula leo, au subiri.

## Hatua ya 7: Kufunga

Funga ukishapoa kabisa. Ukifunga ukiwa na joto, mvuke utaganda ndani ya pakiti na kurudi kuwa maji juu ya sukari, na kazi yote ya jana imekwenda. Weka mkono katikati ya lundo, na kama kuna joto lolote, subiri.

Kwa nyumbani, chupa ya kioo yenye mfuniko wa kukaza inafaa kuliko mfuko. Kwa kuuza, pakiti ndogo zilizobanwa vizuri juu. Mtoto mdogo asiyejua kutema mbegu asipewe, kwani mbegu ya ubuyu ni ngumu, inateleza na inaenea vizuri sana kooni.

## Ukishakosea

Umekuwa uji: usipoteze sukari zaidi kuuokoa. Ongeza maji ya vuguvugu, vuruga, chuja mbegu, una juisi nzito. Iweke kwenye vifuko, igandishe, watoto watakuona shujaa.

Umeganda tofali: shira ilipitiliza au hukugeuza vya kutosha. Nyunyiza vijiko viwili vya maji, funika kwenye moto mdogo dakika mbili, ukilegea geuza kwa nguvu nje ya moto.

Unatoka jasho: utandaze tena, nyunyiza unga wa ubuyu, upigwe na upepo. Ukitoka jasho mara ya pili, ule haraka, hautapona.

Una harufu ya ukungu au madoa ya kijani au meusi: tupa wote. Kuchagua mbegu "nzima" hakusaidii.

## Unga uliobaki

Mapishi ni sehemu moja tu ya faida ya buyu. Unga ukikaa mkavu kwenye chupa iliyofungwa unadumu miezi, na una vitamini C kwa wingi pamoja na madini ya chokaa. Kanuni ya kuutumia ni ya pale pale, maji na moto kwa wakati wake, ila sasa maji tunayataka.

Juisi. Vikombe viwili vya ubuyu wa mbegu, lita moja na nusu ya maji ya vuguvugu, nusu saa. Vuruga kwa mkono mpaka mbegu ziwe tupu, chuja, tia sukari. Usichemshe, na usiitie kwenye blenda na mbegu zake. Zikisagika zinatia uchungu. Wanaopenda na maziwa watie mwisho, maziwa baridi na juisi baridi, wanywe muda huo huo. Kwa joto, uchachu unayakata maziwa na glasi inakuwa na mabonge.

Uji. Kwa uji wa uwele, mtama au ulezi, tia vijiko viwili vya unga kwa kila bakuli baada ya kuepua. Ukiuchemsha pamoja na uji, uchachu wake unapooza na vitamini inapungua. Kabla ya kutia, ukoroge kwanza pembeni kwa maji kidogo, la sivyo utapata vidonge.

Jikoni. Kijiko kimoja kinakaa mahali pa ndimu au ukwaju kwenye mchuzi wa samaki. Kinafanya mchuzi uwe mzito kidogo, kwa hiyo punguza nyanya.

Majani machanga ya mbuyu nayo ni mboga. Yanateleza kama mlenda, na hupikwa vivyo hivyo. Chuma yale ya mwanzo wa mvua, yakikomaa ni kamba.

Magamba uliyoweka kando, nusu moja ni kata ya maji ukiisugua ndani kwa mchanga, na yaliyovunjika ni kuni nzuri. Usiyachanganye na vibuyu vya maziwa. Vile kwa kawaida vinatokana na mmea mwingine, mung'unye, unaotambaa.

## Na ukitaka mbuyu wako

Hapa napo watu wanashindwa sana, na sababu ni maji yale yale, safari hii yanayokataa kuingia. Mbegu ya ubuyu ina ganda gumu. Ukiifukia tu inaweza kukaa ardhini mwaka mzima bila kujali mvua zako.

1. Chukua mbegu za ubuyu mbichi usiopikwa, zioshe mpaka unga utoke wote. Hapa ndipo penye ruhusa ya kuosha.
2. Chemsha maji, epua, mimina juu ya mbegu, ziache zilale humo usiku kucha. Zilizovimba ndizo zimekunywa. Zilizobaki kama zilivyokuwa, zisugue upande mmoja kwenye jiwe mpaka uone weupe, uziloweke tena.
3. Panda kina cha pingili moja au mbili za kidole, kwenye mchanga uliochanganywa na udongo. Tumia kiriba kirefu, kwa sababu mzizi mkuu unashuka haraka kuliko shina linavyopanda. Kiriba kifupi kinaukunja, na mti hautasimama vizuri.
4. Mwagilia udongo ukikauka, usiufanye tope. Mbegu zilizokunywa huanza kuchomoza baada ya wiki moja hadi tatu.

Angalia sana majani ya kwanza. Wote tunaijua ile kauli ya mbuyu na mchicha, lakini wachache wamewahi kuitazama kwa macho: mche wa mbuyu hautoki na majani ya vidole vitano. Unatoka na majani yaliyo mojamoja, ya kawaida kabisa, kama gugu lolote la shambani. Nimepoteza miche mitatu hivyo, kijana aliyenisaidia palizi aliing'oa kwa nia njema. Weka kijiti pembeni ya kila mche.

Hamishia shambani mvua zikianza, hatua ishirini au zaidi kutoka kwenye nyumba, na uzungushie miiba maana mbuzi wanaupenda. Kiangazi cha kwanza mche utapukutisha majani yote na kubaki kijiti kikavu. Usiung'oe, na usiuzidishie maji kwa huruma. Chini, mzizi umevimba kama karoti na una maji yake ya akiba. Kwaruza gome kidogo kwa ukucha. Ukiona kijani chini yake, ufunikie nyasi kavu kwenye shina na uuache mpaka mvua zirudi.

Matunda utayangoja miaka mingi, kumi si ajabu na ishirini si kosa. Wakati huo endelea kununua mabuyu barabarani, na kabla hujalipa, ingiza mkono hadi katikati ya gunia.